Kuchanganya plastiki na mpira kwa vifaa vya hospitali: mwongozo wa karakana ndogo, kutoka Tanga

Habari za leo wakuu. Hili jambo naulizwa sana na vijana wa ufundi, wengine wako VETA, wengine wana vikarakana vya kumimina plastiki huku Tanga mjini, nimeona niandike yote sehemu moja. Swali linakujaga hivi: ile mipira laini ya hospitali, ya dripu, ya oksijeni, mifuko ya mkojo, nyingi ni plastiki iitwayo PVC, je tunaweza kupata mbadala kwa kuchanganya plastiki ya kawaida na mpira? Inawezekana, na wenzetu nje wanafanya miaka mingi sasa, ila ukianza vibaya utapoteza hela na vibaya zaidi unaweza kumuumiza mgonjwa, kwa hiyo naomba usome mpaka chini kabla hujawasha mashine.

Kwanza tuelewane PVC ina tatizo gani, maana wengi wanaisema tu vibaya bila kujua. PVC ikiwa peke yake ni ngumu kama bomba la maji la kijivu. Ili iwe laini wanaitia kilainishi, cha zamani na kinachojulikana zaidi kinaitwa DEHP, na kwenye mfuko laini kinaweza kufika asilimia 30 mpaka 40 ya uzito wote. Sasa hicho kilainishi hakijafungwa na plastiki, kimejibanza tu katikati yake, kikikutana na kitu chenye mafuta kama damu, lishe ya mshipani au dawa ya paclitaxel kinatoka na kuingia humo. Mwaka 2002 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, walitoa tahadhari, wakataja hasa watoto wachanga wa kiume. Ulaya, kwa kanuni yao ya vifaa tiba ya 2017, kifaa kinachoingia mwilini au kupitisha dawa na vimiminika vya mwili kikiwa na zaidi ya asilimia 0.1 ya vitu vya aina hii mtengenezaji lazima atoe sababu na aandike kwenye lebo.

Kwetu kuna la pili ambalo mi ndo linaniuma zaidi, moshi. Vifaa vikishatumika vinachomwa, na PVC ina klorini ndani, ikiungua inatoa gesi ya asidi, na moto usipokuwa mkali wa kutosha zinatoka na dioksini, ambazo ni sumu kali. Nimekulia jirani na kichomeo cha kituo kimoja cha afya, upepo ukigeuka nguo zilizo kwenye kamba zilikuwa zinashika ile harufu mpaka mama anazianua na kuzifua tena, na sisi watoto tulikuwa tunacheza palepale. Ndo maana sichukulii hii kazi kama biashara tu.

Hatua ya kwanza: anza na mwisho

Hapa ndo watu wengi wanakosea. Mtu anapata chembe za plastiki, anapata mpira, anachanganya, anapata kitu laini kizuri, halafu ndo anaanza kujiuliza kitumike wapi. Geuza. Kabla hujanunua hata kilo moja andika kwenye daftari mambo mawili: kitu chako kitagusa nini, na kitatakaswa vipi.

Kutakasa ndo kunakochagua plastiki, sio wewe. Otoklevu ya kawaida inafika nyuzi 121 kwa dakika 15 mpaka 20, nyingine 134 kwa dakika chache. Polithini laini, ile ya mifuko, inayeyuka kwenye nyuzi 110 hivi, kwa hiyo hapo imeshatoka, usiifikirie kwa otoklevu hata ukiichanganya na mpira mzuri namna gani. Polipropilini, PP, inayeyuka kwenye 160 mpaka 165, hiyo inavumilia. Plastiki ya EVA ni laini yenyewe bila kilainishi na wanatengenezea mifuko ya lishe ya mshipani, ila joto haiwezi, inatakaswa kwa mionzi au kwa gesi ya ethilini oksaidi. Na PP nayo ina udhaifu wake, ukiipiga mionzi ya gama, kipimo kilichozoeleka ni kilogrei 25, PP ya kawaida inaanza kukatikakatika minyororo yake, miezi inapita inakuwa njano na inavunjika kama biskuti. Kwa hiyo mtu akikwambia nina mchanganyiko mzuri wa PP muulize kwanza unautakasa kwa nini.

Kuhusu kugusa, mi nagawa hivi. Kuna vitu visivyogusa ndani ya mwili kabisa, mipira ya chini ya magongo, vishikio vya vitembezi, magurudumu ya vitanda. Kuna vinavyogusa ngozi au hewa ya mgonjwa. Halafu kuna vinavyogusa damu na dawa. Fundi anayeanza aanzie kundi la kwanza na akae hapo mpaka mkono uzoee. Jamani msilidharau. Mtu mwenye gongo ambalo mpira wake umeisha anateleza kwenye sakafu yenye maji anavunjika upya, hiyo nimeiona kwa macho yangu.

Na mfuko wa damu usiuguse, hata kwa majaribio ya kujivunia. Ule mfuko wa PVC ulibuniwa na Carl Walter na William Murphy mwaka 1950 ukachukua nafasi ya chupa za kioo, na ile DEHP ninayoilalamikia hapo juu, kwenye damu ina kazi moja ya ajabu, inaingia kwenye ngozi ya chembe nyekundu na kuzizuia zisipasuke haraka. Damu ikiwekewa maji yake ya kuhifadhia inakaa mpaka siku 42. Ukitoa DEHP bila kujua unaweka nini badala yake unaharibu damu. Kuna watu wamesomea hilo peke yake.

Hatua ya pili: hakikisha ulichoshika ndicho

Mwaka wangu wa kwanza niliuziwa magunia mawili ya PP na mfanyabiashara mmoja, simtaji, akaniambia ni mpya ya kiwandani. Ilikuwa imechanganywa na za kurejelezwa, zilizotumika zikayeyushwa upya, na sijui zilitoka kwenye ndoo za nini. Kundi zima la kilo kumi na mbili lilinuka kama rangi ya mafuta. Tangu siku hiyo kila gunia napima, na vipimo ni rahisi.

Chukua waya wa shaba, utie moto mpaka uwe mwekundu na moto wenyewe usiwe na rangi, ugusishe kwenye plastiki uchukue kidogo, urudishe kwenye moto. Moto ukitoka kijani, kuna klorini, hiyo ni PVC au ina PVC ndani. Fanya nje, kipande kidogo kama punje ya mchele, na kaa upande upepo unakotoka, usivute ule moshi. Halafu tia kipande kingine kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, PP na michanganyiko yake na SEBS (mpira wa kutengenezwa unaoyeyuka kama plastiki) inaelea, uzito wake ni kama gramu 0.9 kwa mililita, PVC laini inazama. PP ukiichoma inanuka kama mshumaa na inadondosha matone. Hivi vitatu havikuhakikishii usafi ila vinakukamatia udanganyifu ule mkubwa.

Kwa kitu cha kugusa mgonjwa usitumie kabisa plastiki ya kurejelezwa. Hilo halina mjadala, hata kama unaijua imetoka wapi.

Hatua ya tatu: tafuta wanaopatana

Nani hapa hajawahi kuona tui limekatika? Moto umezidi, hukukoroga, mafuta yanakaa upande wake maji upande wake. Plastiki na mpira ni hivyohivyo. Ukichanganya viwili visivyopatana utaona kama vimechanganyika vikiwa vya moto, vikipoa ukivuta vinaachana matabaka kama vile unamenya kitunguu.

PP haina umeme wa upande upande kwenye molekuli zake, inapatana na mipira ya namna hiyohiyo: ya kutengenezwa kama EPDM na SEBS, na mpira asilia wa mti. Haipatani na poliyurethani, TPU, mpaka uweke mpatanishi katikati, mara nyingi ni PP iliyopandikizwa anhaidraidi ya maleiki. PVC yenyewe inapatana na mpira wa nitrile, na kuna wanaotumia njia hiyo, mpira unakuwa ndo kilainishi na hauhami kama DEHP, kitaalamu ni safi ila klorini imebaki palepale, kwa hiyo moshi wa kichomeo uko palepale. Mi siifuati.

Kitu kingine cha kuelewa ni nani bahari na nani visiwa. Kwenye mchanganyiko mmoja kati ya hao wawili anakuwa bahari, mwingine anatawanyika ndani yake vidogovidogo. Anayekuwa bahari ndiye anayetoa tabia kubwa, joto gani kitayeyuka, kemikali gani kitavumilia. Wingi unachangia ila sio wingi peke yake, yule mwepesi wa kutiririka akiwa wa moto anapenda kuwa bahari hata akiwa mchache. Ndo maana unaweza kuweka mpira 70 na PP 30 na bado PP ikawa bahari, na kitu chako kikayeyuka na kumiminika kama plastiki lakini kinanyumbuka kama mpira. Huo ufundi wa kuuivisha mpira (kuufunga minyororo yake kwa joto na dawa kama salfa) humohumo ndani ya mashine huku unachanganya ulianza kwenye miaka ya 1960, Coran na Patel wa Monsanto wakaukamilisha miaka ya 1970, na mwaka 1981 ukaingia sokoni kwa jina la Santoprene.

Hatua ya nne: mchanganyiko wa SEBS, PP na mafuta meupe

Huu ndo ninaoupendekeza kwa mipira myembamba na vitu vya kugusa ngozi. Hauna salfa, hauna protini za mpira wa mti zinazowapa watu mzio, na hauna klorini.

Kwa uzito: SEBS 100, mafuta meupe 100, PP 50, na kizuia kuoza kwa joto kama 0.3. Mafuta lazima yawe ya parafini, daraja la dawa, yasiyo na rangi wala harufu. Usiweke mafuta ya mashine wala mafuta yenye aromatiki, hayo yanaingia kwenye vile vifundo vya polistairini vinavyoshikilia SEBS na kuvilegeza, kitu kinakuwa kama ubani uliotafunwa.

Jioni weka SEBS kwenye ndoo safi yenye mfuniko, mimina mafuta kidogokidogo huku unageuza kwa mkono wenye glovu. Funika ulale. Asubuhi ukifungua utakuta mafuta yote yamenywewa, haina umajimaji chini, inaonekana kama nazi iliyokunwa iliyolowana, ukiifinya inashikana halafu inaachia. Ukikuta mafuta yametuama chini usiendelee, geuza na uache masaa mengine. Watu wanaruka hapa kwa haraka zao na baadaye mafuta yanatoka jasho juu ya bidhaa wanashangaa.

Ndo unaongeza PP na kizuia kuoza, unachanganya kavu, kisha unapitisha kwenye ekstruda, mashine ya kuyeyusha na kusukuma plastiki kwa skrubu. Ya skrubu mbili ndo nzuri, ya skrubu moja inafanya kazi ila ipitishe mara mbili. Joto anza 170 kwenye koo, panda mpaka 200 mbele. Kama una rola mbili za moto tumia 175 hivi, pale panapoingia mchanganyiko usisogeze vidole hata siku moja, tumia kisu cha mpini mrefu na hakikisha ile nondo ya kuzimia mashine inafanya kazi kabla hujaanza, sio baada. Mchanganyiko ukiwa tayari unaacha kuwa na madoa, unakuwa wa maziwa kidogo, unang'aa, ukivuta uzi mwembamba unanyooka bila chembe.

Sasa nieleze kwa nini PP iwe 50 na sio 20, maana 20 inatoa kitu laini sana kinachopendeza mkononi na hapo ndo nilipoanguka. SEBS inashikana kwa vile vifundo vya polistairini, na vifundo hivyo vinaanza kulegea kwenye nyuzi 100 hivi. Ukiiweka kwenye 121 vimeshaachia. Kinachobaki kushikilia umbo ni mifupa ya PP ambayo bado haijayeyuka. PP ikiwa chache hakuna mifupa. Mipira yangu ya kwanza niliiweka kwenye presha kuka ikiwa minane imenyooka mizuri, nikafungua baada ya dakika ishirini nikakuta bonge moja limelala chini kama ugali, tundu zote zimeziba. Nilikaa nalitazama muda mrefu. Wiki sita za kazi. Nikapandisha PP hatua kwa hatua mpaka 50 ndo mipira ikatoka inapitisha maji. Ugumu wake nikipima kwa durometa, kile kipima ugumu, unakuja 60 na kitu kwenye kipimo cha Shore A, kwa mpira wa kupitisha maji unatosha.

Kuhusu unyevu: PP na SEBS hazinywi maji, lakini hapa Tanga asubuhi hewa ni nzito na punje zinalowana kwa nje ukizitoa stoo, zianike kwenye oveni nyuzi 70 saa moja mbili. TPU inakunywa maji kweli, hiyo usipoikausha vizuri inatoka na mapovu.

Hatua ya tano: mpira wa Muheza na PP, kwa magongo

Hapa nina upendeleo na sifichi. Tuna shamba la mpira la Kihuhwi kule Muheza, liko chini ya NDC, shirika la maendeleo la taifa, na mpira kwenye mkoa huu ulishapandwa tangu enzi ya Wajerumani, mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913. Inauma kununua mipira ya magongo kutoka mbali wakati utomvu unatoka kilomita chache kutoka hapa. Ila lazima niseme wazi, mpira asilia una protini, wapo watu wanaovimba na hata kushindwa kupumua wakigusana nao, na dawa za kuivisha za salfa zinaacha mabaki. Kwa hiyo huu usiupeleke kwenye mpira wa kuingia mwilini. Chini ya gongo ni mahali pake.

Mpira 70, PP 30. Kisha kwa kila mpira 100: zinki oksaidi 5, asidi ya stiariki 2, kichochezi cha CBS 2, salfa 2, na kizuia kuzeeka 1. Mpira ukande kwanza kwenye rola baridi mpaka ulegee kama unga wa chapati ulioachwa ukatulia, ukiwa mgumu hautatawanyika.

Kwenye mashine ya kuchanganyia ya ndani weka 170 mpaka 175. Yeyusha PP kwanza dakika mbili. Tia mpira, dakika mbili tatu. Tia zinki, stiariki, kizuia kuzeeka, kichochezi. Salfa ya mwisho kabisa. Sasa hapo macho yako yawe kwenye ampea za mota. Mshale utashuka kidogo halafu utaanza kupanda wenyewe bila wewe kugusa kitu, hiyo ni mpira unaiva na kuwa mgumu huku unakatwakatwa kuwa vipande vidogo, vikitoka vizuri vinakuwa vya maikroni moja mbili tu. Ukishapanda ukatulia, hesabu dakika mbili, toa. Ukitoa mapema haujaiva, ukichelewesha mpira wa mti unaanza kuungua, rangi inakuwa kahawia na harufu inabadilika. Mi sivuki 185 hata iweje, na yote jumla isizidi dakika kumi.

Kuna wanaouliza kwa nini nisitumie peroksaidi badala ya salfa ili kuondoa harufu. Peroksaidi inaivisha mpira vizuri ila inakata minyororo ya PP, unaiimarisha huku unabomoa kule, unahitaji kiambata cha kusaidia. Resini ya fenoli inafanya kazi vizuri ila inaacha rangi ya kahawia. Kwa gongo rangi haina shida.

Uzuri wa huu mchanganyiko kuliko mpira wa kuivishwa kawaida ni kwamba mabaki ya moldi unasaga unarudisha kwenye mashine. Hakuna kinachotupwa. Weka washa ya chuma ndani ya moldi, ile ya bapa, bila hiyo gongo linatoboa mpira ndani ya wiki chache.

Hatua ya sita: kumimina na kuunganisha

Kumimina hakuna siri kubwa, moldi safi, presi ya moto 180 kwa bapa za majaribio, zipoe zikiwa bado zimebanwa. Sehemu itakayokusumbua ni kuunganisha. Mafundi wamezoea kugundisha mpira wa PVC kwa saiklohekzanoni, inayeyusha kidogo inashika. Kwenye SEBS na PP ile gundi haishiki. Mifuko nayo, ya PVC inashonwa kwa mashine ya mawimbi ya redio kwa sababu PVC ina ule umeme wa upande upande, PP haina, mashine hiyo itapiga mpaka kesho. Tumia ubao wa moto wa kubana, au viungio vyenye meno ya kuchomeka kwa nguvu. Hili ndo linawarudisha wengi kwenye PVC, sio ubora wa plastiki yenyewe, kwa hiyo lipangie kabla.

Hatua ya saba: pima mwenyewe kabla hujampelekea mtu

Kunja bapa mara mbili ubane kwa vidole. Ikiacha mstari mweupe pale kwenye kunjo, PP imezidi au haijachanganyika. Vuta kipande mpaka kikatike uangalie pale palipokatika, kama panamenyeka kwa matabaka rudi hatua ya tatu.

Mpira mwembamba uzungushe kwenye kalamu ukiwa na maji yanayopita kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa. Unapima maji ya dakika moja ukiwa umenyooka, na dakika moja ukiwa umezungushwa. Tofauti ikiwa kubwa, unajikunja na kuziba, na mgonjwa akilala juu yake dripu itasimama.

Presha kuka ya ratili 15 inatoa 121 kwa sisi wa usawa wa bahari. Ndugu zangu wa Lushoto mkumbuke kule juu hewa ni nyepesi, geji hiyohiyo inawapa kama 118, ongezeni muda au tumieni kipimajoto. Fanya mizunguko mitano, kila mara pima urefu, ugumu, na kama vipande viwili vilivyogusana vimeshikana. Presha kuka hiyo iwe ya karakana tu, isirudi jikoni.

Kwa mafuta kutoka jasho: weka kipande katikati ya karatasi nyeupe mbili, juu uzito wa kilo moja, oveni nyuzi 70, siku nzima. Toa karatasi uishike kwenye mwanga wa dirisha. Doa la mafuta linaonekana lenyewe, kama karatasi iliyofungia vitumbua.

Na maji: kata vipande, kwa kila sentimita tatu za mraba mililita moja ya maji yaliyosafishwa, nyuzi 70 masaa 24, pembeni weka chupa ya maji matupu ya kulinganisha. Linganisha harufu, rangi, povu ukitikisa, na pH. Uwiano huo na joto hilo nimeutoa kwenye ISO 10993, viwango vya kimataifa vya kupima vifaa tiba, sehemu ya 12, kwa vitu vya unene wa nusu milimita mpaka milimita moja, ili ukija kwenda maabara uwe umeshazoea kufanya kama wao. Ila usichanganye mambo, hiki cha kwako ni cha kukamata makosa ya wazi, sio cha kusema kitu ni salama.

Kama unataka kutengeneza vizibo au vichwa vya bomba la sindano, bana kipande robo ya unene wake, nyuzi 70 siku nzima, kisha ona kimerudi kiasi gani. SEBS hapa inashindwa na mpira ulioivishwa, haijirudishi vizuri. Usilazimishe.

Hatua ya nane: pale mkono wako unapoishia

Kitu cha kugusa mgonjwa, hata ngozi tu, hakiendi wodini kutoka karakana. Kuna vipimo vya ISO 10993, sehemu ya 5 ni kama kinaua seli, ya 4 ni mambo ya damu, ya 10 ni mzio wa ngozi, na hivyo vinafanywa na maabara yenye vifaa na watu wake. Usajili wa vifaa tiba uko TMDA, wale waliokuwa TFDA mpaka 2019. Wafuate mapema, kabla hujatumia hela za moldi, ukaulize kifaa chako kiko daraja gani na wanataka makaratasi gani. SIDO wapo hapa Tanga kwa mambo ya biashara na mashine, TIRDO wako Dar wana maabara.

Najua inakatisha tamaa. Muuguzi mmoja alishaniomba mita kumi za mpira kwa sababu stoo yao ilikuwa imeisha, alikuja mpaka karakana jioni na sare yake, na mpira ulikuwa umening'inia pale ukutani anauona. Nilimwambia dada siwezi kukupa. Aliondoka amenuna na usiku sikulala vizuri, lakini sikujua ndani ya ule mpira kuna nini kinachotoka, na mtoto aliyelazwa asingeweza kuniuliza.

Mwisho kabisa, kila kundi unalotengeneza kata bapa tatu. Moja kwenye mfuko ndani ya kabati, moja itundike nje kwenye jua, moja iweke kwenye chombo chenye maji ya chumvi. Kila moja iandike tarehe, namba ya gunia la PP, la SEBS, la mafuta, joto na dakika, kwa kalamu isiyofutika au kwa kuchora na msumari maana jua la huku linakula wino. Zipindishe kila mwezi kwa vidole vilevile. Za kundi langu la PP 50 zimeshamaliza misimu miwili ya mvua, hazijanata, hazijapasuka, ila ya juani imeanza kuwa na vumbi jeupe kwa juu, na ndo ninayoifanyia kazi sasa hivi.